Hita imekufa, au imezimia tu? Lini utengeneze na lini ununue nyingine

Mwezi wa sita uliopita mama mmoja wa Ilazo, hapa Dodoma, alinipigia simu kabla hata ya adhana ya alfajiri. Baridi ya Dodoma ya mwezi huo wenyeji mnaijua. "Fundi, hita imekufa, watoto wanaenda shule hawajaoga. Njoo na nyingine kabisa, usije mikono mitupu." Nikaenda na begi la spana tu. Nilizima umeme, nikafungua kifuniko cha chini, nikabonyeza kitufe kidogo chekundu kwenye themostati, kikalia "ta!" Nikarudisha kifuniko, nikawasha, taa ikawaka. "Haijafa, mama. Ilikuwa imezimia."

Wiki hiyohiyo nikaitwa Kisasa kwa mzee mmoja mstaafu. Ndani ya mwaka mmoja alikuwa amebadilishiwa elementi mara mbili, themostati mara moja, na gasketi hata yeye hakumbuki mara ngapi. Nilipoligusa tangi lake kwa chini, bati la nje liliingia ndani kama kadibodi iliyolowa. Pesa aliyokwisha kuwapa mafundi ingemnunulia hita mpya na chenji ikabaki.

Mmoja alitaka kuzika mgonjwa aliye hai, mwingine alikuwa akimtibu maiti. Makosa hayo mawili nayaona kila wiki, na sasa yatazidi. Serikali ilipotangaza Julai 2016 kwamba inahamia Dodoma, nyumba zilichipuka kama uyoga: Ilazo, Kisasa, Nzuguni, Iyumbu. Hita nyingi zilizofungwa kwenye nyumba hizo zinagonga miaka 8 au zimeshaipita, na hita ya tangi kwa kawaida huishi kati ya miaka 8 na 12 maji yakiwa mazuri. Maji yetu mnayajua. Yanatoka visimani kule Makutupora, ni magumu, sabuni inasugua wee povu halitoki, na birika huota ukoko mweupe. Ukoko huohuo umo ndani ya hita yako, ila huko huuoni.

Kitu kimoja tu hakitengenezeki

Hita ya umeme ya ukutani ni tangi la chuma lililofunikwa kwa foma na bati la nje. Ndani ya tangi kuna elementi inayochemsha maji, themostati inayoamua lini iwake na lini izime, na fimbo ya magnesi inayoitwa anodi, ambayo wenye hita wengi hawajawahi kuisikia. Kwenye bomba la maji baridi, chini, kuna valvu ya usalama yenye kimkia kidogo cha kutolea maji. Elementi na anodi hushikiliwa na flenji, yaani kile kifuniko cha chuma kinachofungwa kwa bolti kwenye tundu la tangi, na kati ya flenji na tangi kuna gasketi ya mpira.

Vyote hivyo hutoka kwa spana na vipya vinapatikana dukani. Tangi halitoki. Tangi likitoboka, hakuna gundi wala welding itakayolirudisha, kwa sababu ukilichomelea unaunguza ule utando wa enameli uliolilinda kwa ndani, na pembeni ya uchomeleaji litatoboka tena baada ya miezi michache. Kwa hiyo kila dalili nitakayoeleza hapa ninaiuliza swali lilelile: hii ni ya tangi, au ni ya vitu vilivyochomekwa kwenye tangi?

Kabla hujashika chochote zima breka ya hita kwenye meni swichi, usiridhike na swichi ya pembeni ya mlango wa bafu. Kuna mafundi hufunga swichi kwenye waya wa nyutro, na hapo ukizima taa inazimika lakini umeme bado umo. Gusa kwa testa kwanza, ndipo uguse kwa mkono.

Maji hayapati moto kabisa

Anza na breka. Ikiwa haijaruka na hita haina taa, fungua kifuniko utafute kile kitufe. Ni kinga: themostati ya kawaida hukata maji yakifika kama nyuzi 75, na ikishindwa kukata, kinga hii hukata umeme wote yakikaribia 90. Kwa mwinuko wetu wa zaidi ya mita 1,100 maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo utaona kinga hiyo haijaachiwa nafasi kubwa.

Kikiruka mara moja, bonyeza uendelee na maisha. Kikiruka tena ndani ya wiki, acha kubonyeza, kuna kitu kinachokirusha. Huenda themostati imechoka na haikati kwa wakati. Huenda elementi imevikwa ukoko mnene kiasi kwamba joto halitoki vizuri kwenda kwenye maji. Na huenda hita ilikuwa inawaka bila maji ya kutosha ndani, na hii ndiyo iliyomkuta mama wa Ilazo.

Hapa nieleze kidogo, maana watu wa mgao wa maji ndio huumia. Maji baridi huingia tangini kwa chini, maji moto hutoka kwa juu. Maji yakikatika mtaani, tangi halipaswi kukauka, kwa kuwa valvu ya usalama ina kizuizi ndani kinachozuia maji yasirudi nyuma. Kizuizi hicho kikioza au kikikwama na mchanga, mtu akifungua koki ya jikoni au ya nje wakati hakuna maji, maji ya hita yanarudi kinyumenyume na kutokea huko. Tangi linabaki nusu. Asubuhi mtu anawasha, elementi inawaka hewani. Ukibahatika kinga inaruka. Usipobahatika elementi inapasuka. Kwa mama yule nilibadilisha valvu ya usalama, basi. Na kanuni niliyomwachia: maji yakirudi baada ya mgao, fungua koki ya maji moto mpaka yatoke mfululizo bila kukohoa hewa, ndipo uwashe.

Kama taa inawaka lakini maji ni baridi, shuku elementi. Kuipima hakuhitaji uchawi. Zima umeme, chomoa waya zake, weka multimita, kile kipimo cha umeme, kwenye omu. Elementi ya wati 1,500 isome karibu omu 35, ya wati 2,000 karibu 26. Isiposoma kitu, imekatika. Nunua nyingine, ununue na gasketi mpya palepale, maana gasketi ya zamani ukiifungua haikubali tena.

Yote haya ni ya kutengeneza. Hita kukosa moto, peke yake, si sababu ya kununua nyingine.

Breka inaruka

Ikiruka papo hapo unapowasha, mara nyingi elementi imepasuka ganda na maji yameingia ndani. Pima kati ya pini ya elementi na mwili wa hita: multimita isisome chochote. Ikisoma, umeme unavuja na elementi hiyo imekwisha. Ikiruka baada ya dakika kadhaa, angalia waya zilizolegea na kuungua kwenye vishikizo, kisha uangalie kama kuna unyevu ndani ya kifuniko. Unyevu huo ukitoka kwenye gasketi, badilisha gasketi. Ukitoka juu zaidi, ndani ya foma, ruka hadi sehemu ya matone, maana habari imeshabadilika.

Sasa niseme jambo litakalonigombanisha na mafundi wenzangu. Breka inayogundua umeme unaovuja, ile ya miliampia 30, ikianza kuruka, kuna fundi atakuja akutolee breka hiyo aweke ya kawaida. Kweli haitaruka tena. Lakini siku hizi mabomba yetu ni ya plastiki, PPR, hayapeleki umeme ardhini kama yale ya chuma ya zamani. Umeme uliovuja unabaki kwenye maji ukisubiri mtu mwenye miguu mitupu. Ukiwahi kuhisi mkono unawashwawashwa unaposhika koki ya shawa, usijaribu mara ya pili kuhakikisha. Zima, na kabla ya kujadili hita hakikisha nyumba ina ethi ya kweli, yenye fimbo ardhini, kwa sababu hata hita mpya kabisa ukiifunga kwenye nyumba isiyo na ethi umehamisha tatizo tu.

Yanapata moto lakini yanaisha upesi

Hapa wengi huuziwa hita mpya bila sababu. Kwanza piga hesabu. Tangi la lita 50 likiwa nyuzi 60, ukichanganya na maji baridi ya nyuzi 20 upate ya kuogea ya nyuzi 40, unapata lita 100 kwenye karatasi. Shawa ya kawaida inamwaga kama lita 8 kwa dakika. Hiyo ni dakika 12 na ushee, na kwa uhalisia ni pungufu, kwa sababu maji baridi yanayoingia huanza kuchanganyika na moto kabla tangi halijaisha. Familia iliyokuwa ya watu wawili mwaka 2017 na sasa ni ya watano haina hita mbovu, ina hita ndogo. Kuibadilisha kwa sababu hiyo ni haki yako, ila usidanganywe kwamba imeharibika.

Pili, angalia ile shawa ya mkono ya chooni, au koki yoyote ya kuchanganyia. Mtu akiacha moto na baridi vyote viwili vimefunguliwa, akafunga kwa kibonyezo cha mkononi, mistari ya moto na baridi inabaki imeunganishwa humo. Maji baridi yanavuka kimyakimya kuingia kwenye mstari wa moto, na nyumba nzima inalalamika vuguvugu. Nimewahi kupanda darini mara mbili kwa mteja mmoja kabla sijaliona hilo, na tatizo lilikuwa ukutani mbele ya macho yangu. Funga koki zote za kuchanganyia kwenye shina, subiri saa moja, jaribu tena.

Tatu, bomba la plastiki la ndani linaloelekeza maji baridi huweza kupasuka au kukatika, na maji baridi yakikosa mwelekeo yanavuruga ya moto. Hilo linabadilishwa. Nne, ukoko. Lita 50 kutoka nyuzi 20 hadi 60 zinahitaji kama uniti 2.3 za umeme, na kwa elementi ya wati 1,500 ni saa moja na nusu hivi. Washa hita ikiwa baridi kabisa, tazama saa, subiri taa izime. Ikichukua saa mbili na nusu na elementi inasoma vizuri kwenye multimita, pima themostati na umeme unaofika, maana volti zikishuka jioni elementi hupunguza nguvu sana. Ukoko peke yake hauibi uniti nyingi kama watu wanavyodhani, kwa kuwa elementi imezama majini na joto halina pengine pa kwenda. Unachoiba ni uhai wa elementi na nafasi ya maji.

Na LUKU je? Watu huja kwangu na malalamiko kwamba uniti zinaliwa, na karibu kila mara jibu ni kwamba hita inaachwa inawaka usiku na mchana. Iwasheni saa mbili kabla ya kuoga, mzime. Ikiwa mnafanya hivyo na bado uniti zinakimbia, tafuteni maji moto yanayovuja mahali: koki inayodondosha, au bomba lililopasuka chini ya tailizi, ambapo sakafu huwa ya joto chini ya nyayo.

Kelele

Hita inayokoroma, kupasua na kugonga kama sufuria ya bisi ni hita yenye ukoko. Mapovu ya mvuke yananaswa chini ya tabaka la ukoko na kupasuka. Peke yake si hukumu ya kifo. Fungua flenji, toa elementi, uikwangue au uilaze kwenye siki usiku kucha, na uchote machicha yaliyolala chini ya tangi. Ila tangi likiwa na miaka zaidi ya 10, fikiria kabla ya kufungua. Flenji ya zamani iliyoshikana na kutu ikilazimishwa, bolti hukatikia ndani na unarudi nyumbani na hita iliyokuwa inafanya kazi jana. Nimewahi kufanya hivyo. Siku hizi nawaambia wateja kabla sijagusa.

Rangi na harufu

Maji yakiwa ya kahawia, usiilaumu hita kabla hujafungua koki ya baridi kwenye ndoo nyeupe, na ya moto kwenye ndoo nyingine. Zote zikiwa kahawia, ni maji ya mtaani au simtanki lako. Ya moto peke yake ikiwa kahawia, na ikaendelea hata baada ya kumwaga tangi lote na kulijaza upya mara mbili, tangi linaoza kwa ndani. Hapo hakuna cha kutengeneza. Bado halijavuja, lakini una miezi, pengine wiki. Tumia muda huo kutafuta bei nzuri badala ya kununua kwa haraka Jumapili usiku.

Harufu ya yai viza ni jambo jingine. Inatokana na bakteria wanaoishi kwenye maji ya uvuguvugu na kemikali ya anodi ya magnesi. Pandisha themostati mpaka juu kwa saa kadhaa, mwaga, na harufu ikirudi weka anodi ya aluminiamu. Huku ndiko ninakosema pia: msiweke hita nyuzi 40 ili kubana matumizi. Kati ya nyuzi 20 na 45 ndiko bakteria wa mapafu aitwaye Legionella anakozaliana vizuri. Nyuzi 60 zinamuua, mradi ukumbuke maji hayo yanamuunguza mtoto kwa sekunde chache, kwa hiyo baridi ifunguliwe kwanza.

Matone, na ndiyo sehemu ya kusoma polepole

Mtu akisema hita yake inavuja namuuliza: inavujia wapi, na lini? Kausha kila kitu kwa kitambaa. Funga kipande cha karatasi ya chooni kwenye kila kiungo, kila kimoja peke yake: bomba la moto, bomba la baridi, valvu ya usalama, ukingo wa kifuniko cha chini. Washa. Rudi baada ya saa moja usome karatasi zako.

Karatasi ya valvu ya usalama ikilowa, na matone yakikoma hita ikishazimwa na kupoa, hakuna ugonjwa. Maji yakipashwa hutanuka. Lita 50 zikitoka nyuzi 20 hadi 60 huongezeka kama robo tatu ya lita, na kwa kuwa kizuizi hakiruhusu zirudi nyuma, valvu huzitema. Inafanya kazi yake. Ikitema hata hita ikiwa baridi, valvu imechoka au shinikizo la maji ni kubwa mno usiku watu wakiwa wamelala. Valvu ni kitu cha bei ndogo.

Lakini usiizibe. Naomba nirudie. Mwaka juzi nilikuta nyumba ya kupanga ambapo mtu, kwa kuchoshwa na matone, alikuwa amefunga plagi ya chuma na tepu nyeupe kwenye kimkia cha valvu. Alifanya kazi safi sana, uzi umefungwa kwa ustadi. Siku themostati ikigoma kukata na kinga ikagoma pia, maji yatapita kiwango cha kuchemka huku yamefungwa, na tangi likipasuka sehemu ya maji hayo inageuka mvuke mara moja na kujitanua zaidi ya mara elfu moja. Ukuta hausimami. Nilitoa plagi hiyo kabla hata ya kumsalimia mwenye nyumba. Kama matone yanakukera, funga mpira mwembamba kwenye kimkia uupeleke kwenye mfereji wa bafu, mdomo wake ukiwa wazi.

Karatasi ya viungo ikilowa, fungua, weka tepu upya, au badilisha fleksibo, ule mpira laini unaounganisha bomba na hita. Karatasi ya kifuniko cha chini ikilowa, zima umeme ufungue kifuniko. Maji yakionekana pembeni ya flenji, gasketi. Hiyo ni kazi ya asubuhi moja.

Yakionekana yanashuka kutoka juu ya flenji, kutoka ndani ya foma, na viungo vyote vya juu ni vikavu, tangi limetoboka. Dalili zake nyingine ni michirizi ya kutu kwenye bati la nje, rangi iliyovimba kama malengelenge, na bati linalobonyea kwa kidole kama la yule mzee wa Kisasa. Hapo kubadilisha elementi au gasketi ni kutwanga maji kwenye kinu. Zima umeme, funga maji, mwaga tangi, nenda dukani. Usisubiri mwisho wa mwezi kwa sababu "ni tone moja tu": hita iliyojaa lita 80 ina karibu kilo 80 za maji peke yake, na ukuta uliolowa hushika skrubu vibaya.

Ile fimbo isiyojulikana

Enameli ya ndani ya tangi haijawahi kuwa kamilifu; kuna vitobo vidogo tangu kiwandani. Anodi iliwekwa ili ioze badala ya chuma. Ikiwepo, tangi lipo. Ikiisha, kutu huhamia kwenye tangi. Ni hivyo tu, na kwa maji yetu ya chumvi magnesi hiyo inaliwa upesi. Nikifungua hita ya miaka mitano ambayo haijawahi kuguswa, mara nyingi nakuta waya mwembamba wa chuma peke yake, umekauka kama mfupa wa samaki.

Kwa hiyo anodi ndiyo inayonijibu kuhusu hita ambayo bado haijavuja. Bado nene? Tengeneza chochote kilichoharibika bila woga. Imeliwa nusu? Weka mpya, endelea. Imekwisha kabisa, hita ina miaka 8, na leo umeitiwa elementi iliyokufa? Hapo namwambia mwenye nyumba ukweli: elementi naweza kuweka, lakini sikuahidi mwaka. Ikiwa gharama ya matengenezo inakaribia nusu ya bei ya hita mpya, mimi nisingetengeneza ya kwangu. Ikiwa ni robo, ningetengeneza nikaanza kuweka akiba.

Umri utaupata kwenye kibao kilichobandikwa ubavuni, na kama mwaka haukuandikwa wazi mara nyingi umo ndani ya namba ya mfululizo. Kibao hichohicho kitakuonyesha wati, lita na shinikizo. Kipige picha kwa simu kabla ya kwenda dukani, muuzaji asikukisie.

Wenye shawa ya papo kwa papo

Ile ya plastiki inayofungwa kichwani mwa bomba haina tangi, kwa hiyo sheria yangu haiihusu. Elementi yake ikikatika, weka nyingine. Plastiki ikiyeyuka, au vishikizo vya waya vikiwa vyeusi, tupa, kisha umuulize fundi wako waya una unene gani. Shawa ya wati 5,500 inavuta ampia 24 hivi, na waya wa soketi wa milimita 2.5 hauna kazi hapo. Kwa maji ya chumvi nunua ile iliyotengenezwa kwa ajili ya maji ya chumvi, yenye elementi iliyofunikwa. Elementi ya waya mtupu kwenye maji hayo huvujisha umeme na haidumu.

Ukishaamua kununua

Usisahau valvu ya usalama mpya, hata kama ya zamani inaonekana nzima. Omba fleksibo mpya, skrubu za ukutani mpya, na anodi moja ya akiba ya hita hiyohiyo, kwa sababu miaka mitatu ijayo aina hiyo inaweza isiwepo dukani. Weka geti valvu, koki ya kufungia maji, kwenye bomba la baridi ili siku nyingine usihitaji kufunga maji ya nyumba nzima. Fungua anodi baada ya mwaka wa kwanza uone maji yako yanailaje, kisha upange mwenyewe: mwingine ataona kila mwaka, mwingine kila miaka miwili.

Hita ya mzee wa Kisasa tuliishusha watu wawili, tukaona nzito mno kwa tangi lililokwisha kumwagwa. Tulipoigeuza kichwa chini uani, kupitia tundu la flenji ilitapika chokaa nyeupe na vigae vya kutu, karibu nusu ndoo. Mzee alichukua kimoja akakivunja kwa vidole, akanitazama. Kisha akaingia ndani, akarudi na kalamu ya wino mzito ya mjukuu wake, na kwenye ubavu wa hita mpya akaandika tarehe ya siku ile, na chini yake: "Anodi, mwakani."